Siti binti Saad: Muuza vyungu aliyeifungulia taarab mlango wa ikulu

KATIKA gati ya Wesha, magharibi ya mji wa Chake Chake, Pemba, bahari ndiyo barabara kuu. Hapo ndipo wavuvi hupakua samaki, na hapo ndipo wageni hupanda mashua kwenda kisiwa cha Misali. Kwa wakazi wa visiwa vya Zanzibar na mwambao mzima wa Afrika Mashariki, kila kilichokuwa na thamani kilisafiri kwa chombo: karafuu, nguo, mchele, barua na habari za ndugu.

Nyimbo nazo zilisafiri hivyo hivyo. Kabla ya kuwapo redio majumbani, mwimbaji aliyetaka kujulikana nje ya mtaa wake ilimlazimu aende yeye mwenyewe, nyumba kwa nyumba na harusi kwa harusi, au sauti yake ivushwe bahari ndani ya santuri. Katika historia ya muziki wa Kiswahili, aliyeyafanya yote mawili kwa mafanikio makubwa ni mwanamke ambaye hakuzaliwa katika ukoo wenye jina wala hakusoma shule: Siti binti Saad.

Alizaliwa mnamo mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini-magharibi ya kisiwa cha Unguja. Wazazi wake walizaliwa Zanzibar, lakini asili ya baba ilikuwa Unyamwezi, na ya mama Uzigua. Zama zile utumwa ulikuwa bado unatambuliwa na sheria visiwani. Haukufutwa hadi mwaka 1897. Mtoto yule akapewa jina la Mtumwa, na jina hilo peke yake lilitosha kumweleza kila aliyelisikia ni watu wa daraja gani waliomzaa.

Nyumbani kwao kazi ilikuwa kilimo na ufinyanzi. Alipokua, Mtumwa alijitwika vyungu kichwani na kwenda mjini kuvichuuza. Alivitangaza kwa kuimba, na inaelezwa kuwa sauti yake ilisikika mbali kiasi cha wateja kumtambua kabla hawajamwona. Hivyo basi jukwaa lake la kwanza lilikuwa vichochoro vya mji, na wasikilizaji wake wa kwanza wakawa wanawake waliotoka milangoni kuuliza bei ya chungu. Biashara hiyo ilimpa mafunzo ambayo hakuna mwalimu angeweza kumpa: kumsimamisha mpita njia mwenye haraka zake kwa sauti tu.

Mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja. Mwaka huo huo Sultani Khalifa bin Haroub alishika kiti cha enzi. Taarab wakati huo ilikuwa burudani ya wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ndiye aliyemtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki, na kikundi cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905. Lugha ya uimbaji ilikuwa Kiarabu, waimbaji walikuwa wanaume, na waalikwa walikuwa watu wa nasaba. Mfinyanzi kutoka shamba hakuwa na nafasi hapo, sembuse akiwa mwanamke.

Mlango ulifunguliwa na mwanamuziki Ali Muhsin, aliyevutiwa na kipaji chake, akamfundisha kuimba kwa kufuata ala, na kuimba kwa Kiarabu. Baadaye alijiunga na mafundi waliokuja kujulikana pamoja naye, wakiwamo Subeit bin Ambar, Buda bin Mwendo, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban. Wao walipiga na kuitikia, yeye akaongoza. Ndipo lile jina la Mtumwa likaachwa nyuma, akaitwa Siti, maana yake bibi mwenye heshima.

Kundi hilo halikuwa na ukumbi wake wala mfadhili mmoja wa kulilisha. Liliishi kwa mialiko. Leo lilialikwa katika harusi ya Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida, kesho katika nyumba ya tajiri wa Mji Mkongwe, siku nyingine katika kasri la Sultani. Ukumbi wenyewe mara nyingi ulikuwa sebule au ua, taa ikitundikwa juu, wapigaji wakikaa karibu na wasikilizaji hata magoti yagusane. Nyumbani kwake nako watu walikusanyika usiku kumsikiliza. Katika mazingira kama hayo mwimbaji hana pa kujificha: akichusha, watu huondoka mmoja mmoja; akigusa moyo, humtunza hapo hapo.

Kuwa karibu na watu kiasi hicho ndiko kulikoibadili taarab. Siti aliendelea kuimba Kiarabu palipohitajika, lakini aliimba pia kwa Kiswahili, lugha ya wapishi, wachukuzi, makuli na wauza mboga. Alipofanya hivyo, maudhui nayo yakabadilika. Mapenzi yalibaki, lakini yakaingia pia mambo ya mahakamani, ya dhuluma na ya wakubwa kuwaonea wadogo.

Mfano mashuhuri ni wimbo wake unaofahamika kwa jina la Kijiti. Ulitokana na kisa cha kweli cha mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kutembelea Unguja, akauawa. Mwanamume aliyetuhumiwa alitoroka na kuvukia bara, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio waliojikuta wakiadhibiwa. Watu wa Ng'ambo hawakuwa na gazeti la kuandikia uchungu wao juu ya hukumu hiyo. Walikuwa na Siti. Akakiimba kisa hicho, na hadi leo kinakumbukwa, ilhali kesi nyingi za miaka ile zimesahaulika.

Umaarufu ulimletea husuda. Wapinzani wake walimtungia nyimbo za kumdhihaki, wakimkumbusha kuwa alikuja mjini maskini, amejifunga kaniki, na kwamba hakuwa na sura wala ukoo wa kujivunia. Siti hakwenda kushtaki. Aliwajibu kwa wimbo, akiwaonyesha kuwa sura na nasaba havimjengi mtu asiye na akili wala tabia njema. Kwa mtu aliyezaliwa na jina la Mtumwa, jibu hilo halikuwa mzaha wa jukwaani. Ilikuwa hoja juu ya nani anastahili kuitwa mtu katika jamii iliyokuwa bado inahesabu koo.

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ilimchukua yeye na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi. Santuri zilizotoka huko zilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa za Kiswahili kuuzwa kibiashara, na katika muda mfupi zilinunuliwa kwa makumi ya maelfu. Asiyekuwa na gramafoni alikwenda kusikiliza mkahawani kwa bei ya kikombe cha kahawa. Kampuni nyingine nazo zikaamka na kuanza kuwasaka waimbaji wa mwambao.

Pemba, kisiwa kilichozalisha sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, kilipokea wachumaji kutoka Unguja na bara kila msimu. Walikuja na mafurushi yao, na walikuja pia na nyimbo. Fedha ya karafuu ilipoingia mkononi, harusi zilizokuwa zikisubiri zilifungwa, na harusi ilihitaji waimbaji. Kwa njia hiyo taarab ya Kiswahili, iliyopata nguvu katika nyua za Ng'ambo, ikawa mali ya visiwa vyote viwili.

Katika siku za mwisho za uhai wake Siti alitembelewa na mshairi Shaaban Robert, akamsimulia habari za maisha yake. Alifariki dunia Julai 8, 1950. Mazungumzo yao yalizaa kitabu cha Wasifu wa Siti binti Saad, mojawapo ya vitabu vya kwanza vya Kiswahili kueleza maisha ya mwanamke wa Kiafrika.

Waliomfuata hawakumsahau. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliziimba nyimbo zake hadi uzeeni na kuzifikisha Ulaya. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kililiita jarida lake Sauti ya Siti.

Leo taarab ina vipaza sauti, kumbi na viingilio. Lakini harusini, Unguja hata Pemba, bado kuna mwanamke anayeinuka na kuimba kwa Kiswahili mbele ya majirani zake, wala hakuna anayemuuliza ni binti wa ukoo gani. Ruhusa hiyo ilipatikana kwa jasho la mchuuzi wa vyungu kutoka Fumba.