ROBERT ANGUS SMITH, MTU ALIYEPIMA MVUA

Robert Angus Smith alizaliwa mwaka wa 1817 karibu na Glasgow, kule Scotland. Alianza masomo ili awe mchungaji, lakini hakuyamaliza. Alifundisha watoto nyumbani kwa watu, kisha akaenda Giessen, Ujerumani, kusoma shimi kwa profesa Liebig. Mwaka wa 1841 akapata udaktari.

Aliporudi alikaa Manchester, mji mkubwa wa viwanda vya nguo. Kila kiwanda kiliwasha makaa ya mawe. Watu waliona vile nguo zinaharibika, vyuma vinaliwa na kutu, hata mawe ya nyumba yanalika. Wengi walisema: ni moshi tu. Smith, yeye, alitaka kujua ndani ya ule moshi iko nini.

Akakusanya maji ya mvua, akayapima. Mwaka wa 1852 akaonyesha jambo hili: mbali kule mashambani, hewa ilikuwa na kabonati ya amonia; pembeni ya mji, salfati ya amonia; katikati ya mji, asidi ya salfa yenyewe. Kumbe makaa ya mawe yana salfa ndani. Yakiungua, gesi yake inapanda, inageuka asidi, na mvua inaishusha juu ya watu wote, tajiri na maskini.

Mwaka wa 1863 Uingereza ikatoa sheria juu ya viwanda vilivyogeuza chumvi kuwa soda ya kutengenezea sabuni na vioo. Gesi yao ya asidi ilikausha miti na mashamba. Sheria iliwaamuru kuzuia 95 kwa 100 ya gesi ile, na Smith akawekwa mkaguzi wa kwanza. Hakukimbilia kuwashitaki. Aliwaonyesha namna ya kuipitisha gesi katika minara yenye kuteremka maji, ili maji yainywe. Wengine walimlaumu, ati ni mpole mno. Lakini gesi ilipungua.

Mwaka wa 1872 akaandika kitabu kikubwa juu ya hewa na mvua. Humo alitumia jina tunalolijua hata leo: mvua ya asidi.

Alikufa mwaka wa 1884, angali mkaguzi, na moshi wa makaa ulikuwa bado juu ya Manchester. Ni mwaka wa 1952 tu mji ule ulipokataza moshi katikati yake, na 1956 ikaja sheria ya nchi nzima.

Rafiki mwanafunzi, usidharau saa ya shimi. Smith hakupata kuwa mchungaji, lakini alihudumia jirani zake kwa kupima maji ya mvua, mwaka kwa mwaka, bila kuchoka.