TIPPU TIP NA NENO MSHENZI



Juzi kwenye uwanja wa mpira, mdogo mmoja wa mwaka wa pili alimwita mwenzake mshenzi. Mwenzake ni mtoto wa Kigenia. Mimi kiongozi wenu niliwapa wote wawili fagio. Lakini usiku nikawaza: neno hili lilifika Kisangani na nani?

Mama yangu ni wa ukoo wa wangwana. Kwetu nyumbani Tippu Tip ni shujaa. Basi nikatafuta maisha yake.

Jina lake ni Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alizaliwa Unguja karibu na mwaka wa 1837, akaingia bara kutafuta pembe za tembo. Mwaka wa 1867 alimshinda sultani Nsama wa Watabwa. Mwaka wa 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alimfanya gavana wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani hii yetu. Mwaka wa 1890 aliondoka kurudi pwani. Vita ya Wabeleji na Waarabu ilipoanza mwaka wa 1892, yeye alikuwa mbali, lakini mwanawe Sefu alikufa ndani yake. Tippu Tip alikufa Unguja mwaka wa 1905.

Mbele ya kufa aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha. Humo vita ni nyingi, na adui mara nyingi hana jina, ni mshenzi tu. Pembe zake zinahesabiwa, kilio chake hapana. Wabeleji nao walipoandika, adui akawa Mwarabu, na wao wakawa wakombozi. Lakini Ngongo Lutete, mtu wa Tippu Tip aliyehamia kwao, walimpiga risasi mwaka wa 1893. Askari wengi wa pande zote mbili walikuwa watu wa hapa hapa.

Jambo moja lilinishangaza. Tippu Tip alipofika kwa sultani Kasongo Rushie, hakumwita mshenzi. Alijitaja kuwa mjukuu wa dada yake aliyetekwa zamani, na sultani akamwachia utawala. Wengi wanasema ilikuwa hila. Hata hivyo, alipotaka, adui aligeuka ndugu kwa siku moja.

Wale waliochomewa vijiji hawakuandika kitabu. Wandugu, likizo hii tuwaulize wazee, wa Kigenia na wa wangwana, tuandike majina yao. Mimi nitaanza na babu wa yule mdogo wa Kigenia. Neno lile nililisema mimi pia nilipokuwa mtoto, na hakuna aliyenipa fagio.