Mwanamfalme wa Rwenzori na makapi ya shaba

Mama anayepakia ngege Katwe kwenda kuwauza soko la Mpondwe huenda hajawahi kusikia habari za Luigi Amedeo wa Savoia, Duke wa Abruzzi. Hata hivyo, safari ya mtu huyo ina uhusiano na maji wanamovuliwa samaki wake.

Alizaliwa Madrid Januari 1873, baba yake akiwa mfalme wa Hispania. Wiki chache baadaye baba alijiuzulu na familia ikarudi Italia. Kijana aliingizwa jeshi la majini mapema, lakini moyo wake ulikuwa milimani. Mwaka 1897 alipanda Saint Elias, kwenye mpaka wa Alaska na Kanada. Kisha akaelekea Ncha ya Kaskazini, ambako baridi ilimharibu vidole akalazimika kumwachia mwenzake Umberto Cagni aendelee mbele.

Mwaka 1906 alikuja kwetu. Alishuka Mombasa, akapanda treni hadi Kisumu, akavuka ziwa kwa meli hadi Entebbe, kisha akatembea kwa miguu hadi Fort Portal na msururu mrefu wa wapagazi. Ni njia ambayo mizigo mingi inaifuata hadi leo, ila kwa malori. Katika bonde la Mobuku alitegemea Wakonzo, wenyeji wa mlima huo. Tarehe 18 Juni alisimama juu ya kilele kirefu kuliko vyote, mita 5,109, akakiita Margherita kwa heshima ya malkia wa Italia. Kilele cha jirani alikipa jina la Alexandra, malkia wa Uingereza. Wakonzo waliobeba mizigo hawakupata hata kilima.

Vittorio Sella alipiga picha zinazosifiwa mpaka sasa. Alessandro Roccati, mtaalamu wa miamba, alikusanya mawe, na kwa maoni yangu hayo ndiyo yaliyobadilisha Kasese kuliko vilele. Safari hiyo ndiyo inayotajwa kuwa ya kwanza kuripoti shaba katika milima hii.

Duke hakurudi kuichimba. Alijaribu kupanda K2 mwaka 1909, akaongoza meli za kivita za Italia katika Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1920 akaanzisha mashamba ya miwa na pamba kando ya mto Shebelle, Somalia, mahali panapoitwa Jowhar leo. Alifariki huko 18 Machi 1933, akazikwa huko huko alikotaka.

Mgodi wa Kilembe ulianza uzalishaji mwaka 1956, mwaka ambao reli ilifika Kasese. Shaba ilipelekwa kuyeyushwa Jinja. Piriti yenye kobalti ilibaki Kasese, zaidi ya tani milioni moja zilizorundikwa wazi. Mvua ilipoipiga, tindikali ilitiririka hadi ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, ikaua majani na kuacha ardhi tupu kuelekea Ziwa George. Maji ya ziwa hilo hupita mfereji wa Kazinga, mbele ya Mweya, yakaingia Ziwa Edward, ambalo sehemu yake kubwa ni ya Kongo. Yote hayo hayapiti forodha.

Sheria ilichelewa. NEMA ilianzishwa mwaka 1995, zaidi ya miaka kumi baada ya mgodi kusimama. Kuanzia 1999 kiwanda cha kobalti kilianza kulichakata lile rundo, na hilo lilisaidia kuliko faini yoyote. Lakini makapi mengine yaliachwa kando ya mto Nyamwamba, na mafuriko ya Mei 2013 na Mei 2020 yaliyasomba.

Sheria inasema mchafuzi ndiye alipe. Ni nani huyo? Falconbridge ya Kanada, iliyoendesha mgodi, iliondoka miaka ya 1970, na mwaka 2006 ikanunuliwa na Xstrata. Mwaka huo huo Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini itifaki ya mazingira ya Jumuiya. Kongo, inayopokea maji hayo, ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, na Somalia, alikozikwa Duke, mwaka 2024. Mkaguzi wa NEMA akitoka Kasese bado mamlaka yake yanakoma Mpondwe.