Mkimbiaji Aliyeacha Mbio Yake

Soma 1 Wakorintho 9:24–27. Paulo aliwaandikia watu walioijua michezo. Karibu na Korintho, mahali paitwapo Isthmia, mashindano yalifanyika kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji ya majani ambayo hayakuchukua muda kunyauka.

Eric Liddell alizaliwa mwaka 1902 huko Tientsin, China, ambako wazazi wake, Waskoti, walikuwa wamishonari. Alipokuwa akisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, mbio zake zilijulikana kote Uingereza. Mwaka 1923, katika mbio za yadi 440 mjini Stoke-on-Trent, alianguka mara tu baada ya kuanza. Aliinuka, akawafuata wenzake waliokwisha kumwacha mbali, akawapita wote.

Lakini mbio aliyotegemewa kushinda ilikuwa ya mita 100. Ratiba ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 1924 ilipotoka, mchujo wa mbio hiyo uliwekwa Jumapili, siku ambayo yeye aliishika kuwa siku ya Bwana. Akakataa kukimbia. (Filamu inayosimulia habari zake huonyesha kwamba aliambiwa wakati wa kusafiri; kwa kweli alijua miezi kadhaa mapema, na huenda hilo lilikuwa gumu zaidi, maana alikuwa na muda mrefu wa kushawishiwa.) Sisi tunaotunza Sabato ya siku ya saba tunatofautiana naye kuhusu siku. Hata hivyo, ni wangapi kati yetu wameacha mtihani au kazi kwa ajili ya Sabato bila manung’uniko?

Alijizoeza mita 400 badala yake, akatwaa dhahabu kwa sekunde 47.6, rekodi mpya ya Olimpiki.

Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 23, aliiacha sifa hiyo yote akaenda China kufundisha na kuhubiri. Mwaka 1941 hatari ya vita ilipozidi, mkewe Florence, akiwa mjamzito, alikwenda Kanada na mabinti wao wawili. Binti wa tatu Liddell hakumwona kamwe. Mwaka 1943 Wajapani walimweka katika kambi ya Weihsien, pamoja na wageni wengine wengi. Humo alifundisha watoto, akawasaidia wazee kazi nzito, akasimamia michezo ya vijana, ila si siku ya Jumapili. Ndipo vijana walipocheza mpira wa magongo Jumapili moja bila msimamizi, wakaishia kupigana. Jumapili iliyofuata Liddell alikuwa uwanjani, mwamuzi wao.

Alifariki tarehe 21 Februari 1945 kwa uvimbe wa ubongo, miezi sita kabla ya kambi kukombolewa.

Jadilini: Soma Marko 2:27, 28 na 2 Timotheo 4:7, 8. Liddell wa Paris na Liddell wa Weihsien, je, walishika kanuni moja au mbili?