Paul Ehrlich: Tabibu aliyeipima kinga ya mwili

KATIKA miaka ya 1890, ugonjwa wa dondakoo ulikuwa ukiwaua watoto wengi barani Ulaya. Dawa iliyoleta matumaini ilitokana na damu ya wanyama waliodungwa sumu ya ugonjwa huo kidogo kidogo. Hata hivyo, nguvu ya dawa ilibadilika kutoka chupa moja hadi nyingine, na daktari hakujua ampe mgonjwa kiasi gani. Aliyekitegua kitendawili hicho ni Paul Ehrlich.

Ehrlich alizaliwa Machi 14, 1854 mjini Strehlen, Prussia, eneo ambalo sasa limo nchini Poland. Tangu ujanani alipenda kutia seli rangi na kuzichunguza kwa hadubini, akabaini kwamba kila rangi huchagua pa kushika. Alipougua kifua kikuu alikwenda Misri kutafuta nafuu, kisha akarejea Berlin na kujiunga na taasisi ya Robert Koch.

Mnamo 1897 alichapisha njia ya kupima dawa ya dondakoo. Aliteua dawa moja iliyokaushwa iwe kipimo cha kudumu, akalinganisha nyingine zote nayo kwa kuwadunga simbilisi mchanganyiko wa sumu na dawa.

Vipimo hivyo vilimfikisha kwenye wazo kubwa zaidi. Alieleza kwamba seli ina vipokezi, na sumu hunasa humo kama ufunguo katika kufuli. Seli iliyonaswa hutengeneza vipokezi kupita kiasi, na vinavyozidi humwagika katika damu vikawa kingamwili.

Wapo waliompinga, akiwemo Mbelgiji Jules Bordet. Aidha, si yote aliyoyadai yaliyothibitika. Alidhani seli moja hubeba vipokezi vya aina nyingi, ilhali mnamo 1957 Frank Macfarlane Burnet alieleza kwamba kila seli ya kinga ina aina yake moja.

Mnamo 1908 Ehrlich alituzwa Nobel pamoja na Elie Metchnikoff, na mnamo 1910 dawa yake ya kaswende, Salvarsan, ikaanza kuuzwa. Alifariki Agosti 20, 1915.

Siku hizi wataalamu hutumia hisabati kukadiria kipokezi kishikwe kwa muda gani ndipo seli ya kinga iamke. Mnamo 1995 Timothy McKeithan alionyesha kwa milinganyo jinsi hatua kadha za kungoja zinavyoiwezesha seli kumtofautisha adui na mwenyeji. Vipokezi hivyo Ehrlich hakuwahi kuviona. Alivijua kwa kupima tu.