Jacob Riis: Mtetezi wa Wasio na Makao

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, walinena wahenga. Katika karne ya 19 wengi waliandika kuhusu ufukara wa miji mikubwa, lakini wachache mno walikuwa wamelala nje kabla ya kushika kalamu. Jacob August Riis alikuwa mmoja wa hao wachache.

Alizaliwa tarehe 3 Mei, 1849 katika mji wa Ribe, Denmark, babake akiwa mwalimu. Alijifunza useremala, akakataliwa posa na binti aliyempenda, na mwaka wa 1870 akaabiri meli kwenda Marekani. Vibarua alivyovipata havikudumu. Kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa akirandaranda New York bila senti, akilala penye vizingiti vya watu.

Siku hizo vituo vya polisi vilikuwa na vyumba ambamo fukara waliruhusiwa kulala juu ya mbao tupu. Usiku mmoja wa mvua Riis aliingia kituo cha Church Street, akamwacha nje mbwa mdogo aliyekuwa ameandamana naye. Humo ndani aliibiwa kidani cha dhahabu. Alipolalamika, askari wa zamu alimwita mwizi na kuamuru atupwe nje. Mbwa alipojaribu kumtetea, alipigwa hadi akafa pale ngazini. Riis alikisimulia kisa hiki katika tawasifu yake ya mwaka wa 1901, na ni wazi kwamba miaka 30 haikuwa imempoza.

Kuanzia mwaka wa 1877 alikuwa mwanahabari wa gazeti la Tribune, akifuatilia taarifa za polisi katika mtaa wa Mulberry. Huko alielewa kwamba umaskini una mitambo yake. Wahamiaji kutoka Bohemia, kwa mfano, walisokota sigara vyumbani mwao, wazazi pamoja na watoto. Mwajiri wao ndiye aliyekuwa pia mwenye nyumba, hivyo ujira ulirudi kwake kwa jina la kodi. Asiyeweza kulipa kodi alipangisha sakafu kwa wageni kwa senti 5 kila mmoja kwa usiku. Msongamano ukazaa maradhi, maradhi yakala ujira, na familia ikajikuta barabarani.

Maneno hayakutosha. Mwaka wa 1887 Riis alipata habari za unga wa kumulikia picha gizani, akaanza kuingia vyumba hivyo usiku na kamera. Kitabu chake, How the Other Half Lives, kilitoka mwaka wa 1890 na kuutikisa mji. Hapa mhakiki hana budi kusita. Waliopigwa picha hawakuombwa idhini kila mara. Baadhi waligutushwa usingizini na mwako wa unga. Aidha, aliyoyaandika kuhusu Wachina, Wayahudi na Waitaliano yamejaa dharau ambayo haiwezi kutetewa kwa kusingizia zama zake. Mhamiaji huyu aliwahukumu wahamiaji wenzake kwa rangi na asili.

Mwaka wa 1895 Theodore Roosevelt, ambaye baadaye alikuwa rais, aliongoza bodi ya makamishna wa polisi. Usiku mmoja Riis alimpeleka hadi kituo kile kile cha Church Street, akamhadithia habari za mbwa wake. Mwaka wa 1896 vyumba vya kulala vituoni vilifungwa. Vilikuwa vichafu, tena vilieneza maradhi. Lakini kwa maelfu ya watu ndivyo vilivyokuwa paa la mwisho. Palepale alipofukuzwa kijana wa mwaka wa 1870, sasa hapana aliyeweza hata kubisha hodi.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Mulberry Bend, pembe ya mitaa aliyoichukia kuliko zote. Ilibomolewa, na mwaka wa 1897 bustani ikafunguliwa mahali pake. Watoto walipata pa kuchezea. Waliobomolewa hawakujengewa nyumba nyingine. Walifunga mizigo yao wakaenda kubanana katika mitaa ya jirani.

Sheria ya nyumba za kupanga ya mwaka wa 1901 ilidai mwanga, hewa na vyoo katika majengo mapya, na Riis ana sehemu katika ushindi huo. Alifariki tarehe 26 Mei, 1914 huko Barre, Massachusetts. Nyumba za kwanza zilizojengwa na mji wa New York kwa wakazi wa kipato cha chini zilifunguliwa mwaka wa 1935.