Olivier Gendebien, aliyetoka kwenye misitu ya Stanleyville akaendesha Ferrari ambayo dunia haichoki kuinakili

Katika barabara za Kasongo na Kabambare, mfalme ni pikipiki. Msimu wa mvua ukifika, hata lori la kwenda Kindu hulala njiani, na abiria hushuka kusukuma. Motokari ya mbio, yenye tumbo linalokaribia kugusa chini, isingemaliza hata kilometa moja ya udongo wetu mwekundu. Hivyo msomaji wa Maniema anaweza kujiuliza habari ya Ferrari inamhusu nini.

Inamhusu kwa sababu ya mto. Ukiufuata Lualaba kutoka Kindu hadi Ubundu, kisha ukapanda treni ya zamani ya kilometa 125, unafika Kisangani. Huko, enzi mji ukiitwa bado Stanleyville, kijana mmoja Mbelgiji alikuwa akifanya kazi ya misitu. Hakuwa shofere wa mbio na hakuna aliyemjua kwa kazi hiyo. Miaka kumi na kitu baadaye alikuwa ameshinda mara 4 mbio za saa 24 za Le Mans, huko Ufaransa, jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelifanya kabla yake. Motokari alizoendesha leo zinatengenezwa upya kwa nakala na mafundi wa nchi nyingi, ambao wengi wao hawajui kwamba njia ya mtu huyo ilipitia Congo ya mashariki.

Jina lake ni Olivier Gendebien. Alizaliwa Brussels tarehe 12 Januari 1924, katika ukoo wenye mali na jina: Alexandre Gendebien alikuwa mmoja wa viongozi wa mapinduzi ya 1830 yaliyoipatia Ubelgiji uhuru. Kijana alipenda uhandisi, lakini Vita Kuu ya Pili ilimkatiza masomo. Aliingia katika upinzani dhidi ya Wajerumani, na kwa kuwa alijua Kiingereza vizuri, alifanya kazi na Waingereza, mwishowe katika kikosi cha askari wa miavuli.

Vita ilipoisha, vijana wengi wa Ubelgiji waliiona koloni kama mahali pa kuanzia maisha. Gendebien alikuja na kukaa Congo miaka minne. Vitabu vya Ulaya vinavyosimulia maisha yake vinaupitia wakati huo kwa mstari mmoja au miwili: misitu, Stanleyville, basi. Kwetu mstari huo una mambo mengi ndani yake. Katika miaka hiyo mji ulikuwa umetengwa, Wazungu upande wao na Wakongomani upande wao. Patrice Lumumba, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi katika kampuni ya madini Kalima, hapa kwetu Maniema, alikuwa karani wa posta Stanleyville. Na barabara ambazo wakoloni walijivunia zilitengenezwa na kusafishwa kwa jembe na watu wa vijiji vilivyohamishwa kwa nguvu na kupangwa kando yake. Sheria iliwataka wanavijiji watoe siku 60 za kazi ya lazima kila mwaka, zikapanda hadi 120 wakati wa vita. Wazee wa Kasongo wanaokumbuka mashamba ya lazima ya mpunga na pamba hawahitaji kuelezwa zaidi. Hatuwezi kusimulia starehe ya kuendesha gari katika Congo ya wakati ule bila kuwataja walioitengeneza njia.

Stanleyville ndipo Gendebien alipokutana na Charles Fraikin, Mbelgiji mwenzake aliyekuwa tayari anashindana katika mbio za magari barabarani. Waliporudi Ulaya wakawa timu moja, ndani ya Jaguar. Mara nyingi walimaliza wa pili, hata wakapewa jina la utani la watu wa nafasi ya pili milele. Jina hilo liliuma, lakini wa pili ni mtu ambaye gari lake limefika.

Hapo ndipo ninapoona alama ya Congo kwa mtu huyu, na haya ni maoni yangu. Anayesafiri mahali ambapo gereji iko mbali na kipuri kinangojewa kwa wiki nyingi hujifunza jambo moja haraka: usiivunje mashini. Shofere wa lori kati ya Kindu na Kasongo anasifiwa kwa kurudi na lori lake zima, na mwenye mbio tu husahaulika. Gendebien alikuwa shofere wa namna hiyo, na ndiyo maana mbio ndefu zilimfaa kuliko fupi.

Mwaka 1955 ulimgeuza. Mwezi wa Juni alishiriki Le Mans kwa Porsche 550 Spyder, gari dogo la mashini ndogo, akamaliza wa 5 pamoja na Wolfgang Seidel. Hiyo ni ile Le Mans ya msiba, ambapo Mercedes iliruka ndani ya umati na kuua watu zaidi ya 80. Miezi michache baadaye yeye na Pierre Stasse walishinda mbio za Liège-Roma-Liège kwa Mercedes 300SL, maelfu ya kilometa ya milima, mchana na usiku, karibu bila kulala. Enzo Ferrari, mwenye kiwanda cha Maranello, Italia, hakuwa mtu wa kuacha shofere kama huyo apite. Mwaka 1956 Gendebien alikuwa tayari anavaa rangi zake.

Ferrari ya siku zile ilikuwa nyumba ya utukufu na ya vilio. Mwaka 1957, katika Mille Miglia, mbio za kilometa 1,600 kwenye barabara za kawaida za Italia, Gendebien alimaliza wa 3. Katika mbio hizo hizo mwenzake Alfonso de Portago alipasuka tairi akafa pamoja na msaidizi wake na watazamaji 9, wakiwemo watoto. Mbio za kasi za Mille Miglia ziliishia hapo. Mwaka 1958 walikufa Luigi Musso, aliyekuwa ameshinda naye Targa Florio kule Sisilia mwezi Mei, na Peter Collins. Mwaka 1961 akafa Wolfgang von Trips, ambaye pia alikuwa ameshinda naye Targa Florio mwaka huo huo. Mwaka 1962 akafa Ricardo Rodríguez, kijana wa miaka 20 kutoka Meksiko, mshindi mwenzake wa Targa Florio ya mwaka ule. Mtu akihesabu majina hayo anaelewa kwamba kumaliza mbio kulikuwa na maana zaidi ya kupata kikombe.

Gari lililomfanya ajulikane ni Ferrari 250 Testa Rossa. Kwa Kiitaliano jina hilo ni kichwa chekundu, kwa kuwa vifuniko vya juu vya mashini vilipakwa rangi nyekundu. Mashini yenyewe ilikuwa na silinda 12 na ujazo wa lita 3, nguvu ya farasi karibu 300, ndani ya gari lenye uzito wa kilo takriban 800. Bodi ya bati jepesi ilipigwa kwa nyundo na mafundi wa Scaglietti, mjini Modena. Yaliyotengenezwa yote, ukijumlisha miaka yake, hayakufika 40.

Kwa gari hilo, mwezi Juni 1958, Gendebien na Mmarekani Phil Hill waliendesha chini ya mvua iliyonyesha saa nyingi za mbio. Wengine waliteleza, wakagongana, na mmoja akafa. Hao wawili walitembea zaidi ya kilometa 4,100 na kufika wa kwanza. Mwaka 1959 waliongoza tena, lakini mashini ilichemka asubuhi ikafa.

Ushindi wa pili ulikuja tarehe 26 Juni 1960, safari hii na Mbelgiji mwenzake, Paul Frère. Msomaji Mkongomani aitazame vizuri tarehe hiyo. Siku nne baadaye, tarehe 30 Juni, bendera ya Ubelgiji ilishushwa Kinshasa, na yule karani wa posta wa Stanleyville akasimama mbele ya Mfalme Baudouin kama waziri mkuu. Wiki ile Wabelgiji walisoma kuhusu mashujaa wao wawili wa Le Mans na kuhusu koloni waliyokuwa wanaipoteza.

Mwaka 1961 alishinda na Hill tena. Mwaka 1962 mara ya nne, na Hill huyo huyo, kwa gari moja la pekee lililoitwa 330 TRI/LM, la ukoo wa Testa Rossa lakini lenye mashini ya lita 4. Baada ya hapo aliacha. Alikuwa na miaka 38, na watoto waliomngojea nyumbani. Pembeni alikuwa amekusanya Targa Florio 3, Sebring 3 huko Marekani, na Tour de France ya magari 3 mfululizo pamoja na Lucien Bianchi. Katika Formula 1 hakushinda hata mara moja; matokeo yake bora yalikuwa nafasi ya 2 nchini Ufaransa mwaka 1960. Rekodi yake ya Le Mans ilisimama hadi 1981, ilipovunjwa na Mbelgiji mwingine, Jacky Ickx.

Mtu alistaafu, lakini umbo la magari yake halikustaafu. Kadiri miaka ilivyopita, Testa Rossa za asili zilipanda bei kupita akili: mwaka 2011 moja iliuzwa California kwa dola milioni 16.39. Anayelipenda umbo hilo lakini hana hata sehemu ya mia ya fedha hizo anatafuta nakala. Kuna mafundi waliochukua Ferrari za familia za miaka ya 1960, hasa 250 GTE ambayo ilitengenezwa kwa mamia, wakazivua bodi, wakafupisha shasi na kuzivalisha sura ya Testa Rossa. Leo kampuni moja ya Uingereza inatengeneza, kwa kibali cha Ferrari yenyewe, Testa Rossa ya umeme iliyopunguzwa hadi robo tatu ya ukubwa, kwa idadi ya 299 tu. Porsche 550 nayo, ambayo asili yake ni magari karibu 90, imenakiliwa mara nyingi kuliko ilivyotengenezwa. Hiyo ndiyo aina ya gari aliyofia mwigizaji James Dean mwaka ule ule wa 1955.

Kasongo tunalijua jambo hili vizuri kuliko tunavyodhani. Nani hajaona pikipiki ya Kichina iliyobandikwa jina la Kijapani? Mnunuzi anajua, muuzaji anajua, na bei inajua. Ubaya unaanza karatasi zinapodanganya.

Ndiyo maana nchi nyingi zimetunga sheria kuhusu nakala. Uingereza, gari lililojengwa kwa vipande ambavyo umri wake haujulikani hukaguliwa, kisha hupewa plaki inayoanza na herufi Q, ili kila mtu ajue. Ufaransa hukagua gari moja moja kabla ya kuliruhusu barabarani. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2015 inayomruhusu mtengenezaji mdogo kuuza nakala hadi 325 kwa mwaka za magari ya angalau miaka 25 iliyopita. Na mwaka 2019 mahakama ya Bologna, Italia, iliitambua Ferrari 250 GTO kuwa kazi ya sanaa ambayo haiigwi hovyo. Kwetu Congo, mwaka 2012 serikali ilitoa amri ya kuzuia kuingiza magari ya mtumba yaliyozidi miaka 10. Afisa wa forodha angepata kazi mbele ya nakala kama hiyo: sura ya 1958, mashini ya 1962, bodi ya mwaka jana. Aandike umri gani kwenye carte rose?

Jibu ambalo wanunuzi wakubwa wameafikiana nalo ni namba ya shasi. Bodi inaweza kubadilishwa, rangi inaweza kupakwa upya, hata mashini inaweza kutolewa. Namba iliyopigwa kwenye chuma ndiyo inayosema gari ni lipi, lilikuwa wapi, na nani alishika usukani wake.

Gari la mwisho la Gendebien linaonyesha jinsi mambo haya yanavyoweza kuwa magumu. Ile 330 TRI/LM ya 1962, shasi namba 0808, haikuwekwa kwenye kioo baada ya ushindi. Ilipelekwa Marekani, ikashindana tena mwaka 1963, kisha ikavuliwa bodi na kuvalishwa nyingine yenye paa. Gari lililoshinda Le Mans likatembea katika mitaa ya New York kama motokari ya kwenda kazini, bila sura yake. Baadaye mkusanyaji mmoja Mfaransa alilinunua na kulirudishia umbo la mwaka 1962. Kwa maana hiyo, gari halisi kabisa lilivaa nakala ya nguo zake lenyewe, na hakuna aliyethubutu kuliita bandia.

Gendebien alifariki Tarascon, kusini mwa Ufaransa, tarehe 2 Oktoba 1998, akiwa na miaka 74. Miezi ile ile Congo ilikuwa imeingia tena vitani, na Kindu ilikuwa karibu kuanguka mikononi mwa waasi wa RCD. Shasi 0808 iliuzwa kwa mnada mwaka 2007, Maranello, mlangoni mwa kiwanda ilikozaliwa, kwa euro milioni 6.875.